Fungu Lisiloulizwa Maswali

Mwaka 2023 Bunge la Denmark lilifuta sikukuu. Store Bededag, siku ya maombi iliyokuwapo tangu 1686, iliondolewa kwenye kalenda kuanzia mwaka uliofuata ili wananchi wafanye kazi siku moja zaidi, mapato ya kodi yapande, na nyongeza hiyo isaidie kugharamia ulinzi. Serikali ilikadiria kupata takriban kroni bilioni 3 kwa mwaka. Vyama vya wafanyakazi vilikuja juu, makumi ya maelfu wakaandamana Copenhagen, maaskofu wakanung'unika. Sheria ikapita hivyo hivyo.

Unaweza kuubeza uamuzi ule, na Wadenmark wengi waliubeza. Lakini una jambo moja ambalo ni nadra kulikuta kwenye bajeti za serikali: mlipaji alioneshwa bili. Aliambiwa ulinzi unapanda, na kinachoshuka ni hiki hapa, siku yako ya mapumziko. Akajua pa kuelekeza hasira zake. Kwingineko fedha za jeshi hupanda bila mtu kutajiwa kinachoshuka, na kinachoshuka huja kujulikana miezi minane baadaye, mgonjwa anapoandikiwa dawa na kuambiwa akanunue nje.

Kwa takwimu za SIPRI, taasisi ya Stockholm inayofuatilia matumizi ya kijeshi, mwaka 2024 dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi, ongezeko la asilimia 9.4 kwa mwaka mmoja. Tangu Vita Baridi viishe hapajatokea mruko mkubwa kama huo. Kwa hiyo mjadala wa bunduki na zahanati umerudi, nao unafuata mkondo uleule wa siku zote. Upande mmoja huchukua bei ya ndege ya kivita, huigawa kwa bei ya dawati la shule, na kutoa idadi ya kutisha. Upande wa pili hujibu kwamba bila amani hakuna mtoto atakayelikalia dawati hilo. Kila upande huondoka ukiamini umeshinda. Nadhani zote mbili zinagombania ukubwa wa fungu la ulinzi, wakati ugonjwa wenyewe uko kwenye namna fungu hilo linavyopita bungeni, linavyolipwa na linavyokaguliwa.

Hesabu ya madawati ni ya zamani, na aliyeipa umaarufu hakuwa mwanaharakati. Alikuwa jenerali. Aprili 1953 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani, aliyeongoza majeshi ya washirika Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia, aliwaambia wahariri wa magazeti kwamba gharama ya ndege moja kubwa ya mabomu ni sawa na shule ya kisasa ya matofali katika miji zaidi ya 30, au hospitali mbili zilizokamilika kwa vifaa. Hotuba hiyo inanukuliwa hadi leo. Kisichonukuliwa ni kwamba katika miaka yake minane ya urais, matumizi ya kijeshi ya Marekani yalibaki karibu na sehemu ya kumi ya pato la taifa, karibu mara tatu ya kiwango cha sasa.

Sisemi alikuwa mnafiki. Nadhani alijua kile ambacho hesabu ya madawati haikioni: bajeti si chungu kimoja ambacho ukipunguza upawa sahani hii, wali unabaki kwa sahani ile. Ndege za kivita mara nyingi hununuliwa kwa mkopo unaodhaminiwa na serikali ya nchi inayouza, na mkopo huo umefungwa kwenye ndege zile zile. Ukizikataa, mkopo hauji kwa jina la mishahara ya walimu. Unachookoa ni marejesho ya miaka kumi au kumi na mitano ijayo, kidogo kidogo, tena kwa fedha za kigeni. Ni akiba ya kweli, ila waziri wa fedha anayeandika bajeti ya mwaka huu haioni mezani pake. Isitoshe, katika nchi nyingi zenye kipato kidogo sehemu kubwa ya fedha za ulinzi hainunui ndege wala vifaru. Inalipa mishahara, posho, chakula, sare na pensheni. Kumpunguza kazini mtu uliyemfundisha kutumia silaha si jambo linalomalizwa kwa barua ya utumishi.

Upande wa pili nao una hoja zake, na ni nzito kuliko wapenda amani wengi wanavyokubali. Mwaka 2024 Ukraine ilitumia asilimia 34 ya pato la taifa kwa jeshi, mzigo mkubwa kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani. Kodi yote iliyokusanywa ndani ililiwa na vita. Walimu, wauguzi na wastaafu walilipwa kwa misaada na mikopo ya nje. Sioni mtu mwenye akili zake atakayekwenda Kyiv kumwambia waziri wa fedha kwamba amekosea vipaumbele.

Au chukua Mali. Mwanzoni mwa 2012 askari walikuwa wakiuawa kaskazini mwa nchi hiyo wakiwa hawana risasi za kutosha. Februari wake zao waliingia barabarani wakidai waume zao wapewe silaha za kujihami. Machi askari wenyewe wakaasi na kumpindua rais aliyebakiza wiki chache tu kabla ya uchaguzi wa kumpata mrithi wake. Haikupita hata nusu ya mwezi, Kidal, Gao na Timbuktu zikawa zimeanguka. Walimu na waganga wakakimbia, shule zikafungwa. Pale aliyebana fedha za jeshi hakuokoa dawati hata moja. Lakini tazama pia walichokuwa wanadai wale wanawake. Hawakusema bajeti ni ndogo. Walisema silaha hazimfikii askari. Hayo ni malalamiko mawili tofauti, na jibu la moja si jibu la lingine.

Mfano unaopendwa na upande wa zahanati ni Costa Rica, nami naupenda pia, ila nautaka mzima. Desemba 1948, baada ya vita vifupi vya wenyewe kwa wenyewe, José Figueres, kiongozi wa upande ulioshinda, alilivunja jeshi, na katiba ya 1949 ikaliharamisha. Kambi ya Bellavista jijini San José ikageuzwa makumbusho ya taifa. Fedha zikaelekezwa kwenye elimu na afya, na kwa miongo iliyofuata nchi ile ndogo ikawa mfano wa kuigwa kwa umri wa kuishi na kiwango cha kujua kusoma. Hapo ndipo wasimuliaji wengi huishia. Wanaruka Januari 1955, wapinzani wa Figueres walipovamia kutokea Nicaragua kwa kuungwa mkono na dikteta Somoza. Costa Rica isiyo na jeshi ilikimbilia Umoja wa Nchi za Amerika, ambao ulituma waangalizi, na Marekani ikawauzia ndege nne za kivita aina ya P-51 kwa dola moja moja. Dola nne kwa jumla! Hakuna taifa lililowahi kupata ulinzi wa anga kwa bei hiyo.

Maana yake ni kwamba Costa Rica haikuacha kulipia usalama. Ililipa kwa diplomasia, kwa mkataba wa kujihami wa nchi za Amerika, na kwa kuwa upande ambao Washington iliupenda. Nchi ambayo haina mkataba wa namna hiyo, au ambayo jirani yake ana rafiki mkubwa kuliko wake, haiwezi kunakili uamuzi wa 1948 na kutarajia matokeo yale yale. Wakati huohuo nchi nyingi zenye majeshi makubwa hazijawahi kuulizwa kama diplomasia ingewagharimu kidogo zaidi. Wizara ya mambo ya nje huwa na bajeti ya kuchekesha ukiilinganisha na ya ulinzi, ingawa zote mbili zinafanya kazi moja.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe. Chukua makadirio ya matumizi ya serikali katika nchi yoyote ambayo bunge lake hupitisha bajeti fungu kwa fungu. Fungua wizara ya afya. Utakutana na kurasa nyingi zenye kasma zilizochambuliwa hadi mwisho: dawa na vifaa tiba, mafuta ya magari ya wagonjwa, posho za safari za ndani, ukarabati wa majengo, hata chai na vitafunwa vya mikutano. Mbunge anaweza kusimama na kuuliza kwa nini vitafunwa vimepanda, akashika shilingi ya waziri mpaka apewe maelezo. Huwa wanafanya hivyo, na sina ugomvi nao. Kisha geuza kurasa hadi ulinzi. Mara nyingi utakuta mistari michache: mishahara, jumla, matumizi mengineyo, jumla, maendeleo, jumla. Fungu linaloshindana kwa ukubwa na afya limechukua karatasi pungufu ya zile za idara ya lishe. Wachangiaji husimama kuwapongeza wapiganaji, mmoja ataulizia fidia ya wananchi waliopakana na kambi, mwenyekiti atahoji, wanaoafiki watasema ndiyo.

Anayefichwa pale si adui. Mwaka 2014 Iraq ilipata somo hilo kwa damu. Mwezi wa sita mji wa Mosul uliangukia mikononi mwa wapiganaji wa Dola la Kiislamu ambao walikuwa wachache sana kuliko askari walioandikishwa kuulinda. Miezi michache baadaye Waziri Mkuu Haider al-Abadi aliliambia bunge kwamba uchunguzi umekuta askari hewa 50,000 kwenye divisheni nne. Majina yalikuwepo, mishahara ililipwa, watu hawakuwapo, makamanda walikula. Tumezoea kusikia walimu hewa na wauguzi hewa, na wakigundulika tunapiga kelele, kwa sababu orodha ya walimu inaweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye daftari la shule. Orodha ya jeshi ni siri. Kwa hiyo aliyekuwa wa kwanza kuikagua pale Mosul alikuwa adui mwenyewe.

Nigeria ilipita njia hiyo hiyo mwaka huohuo. Desemba 2014 mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo askari 54 kwa kukataa kwenda kupambana na Boko Haram. Utetezi wao ulikuwa mwepesi kueleweka: hatukupewa silaha. Adhabu ilipunguzwa baadaye kuwa kifungo. Novemba 2015 serikali mpya ikatangaza kwamba mikataba hewa ya ndege, mabomu na risasi yenye thamani ya takriban dola bilioni 2 imegundulika katika ofisi ya aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa, ambaye alikanusha. Kesi na ziende zinakokwenda. Mimi nabaki na askari wale 54. Fedha za ulinzi zilikuwa zimeombwa, zimepitishwa na zimetoka hazina. Ukiwa mtetezi wa jeshi, hapa ndipo pa kugonga meza kwa nguvu zaidi kuliko mtetezi wa zahanati, maana fungu lisiloulizwa maswali linaanza kumuua askari kabla halijamfikia mgonjwa.

Kuna tukio moja ambalo ndani yake pande zote mbili za mjadala huu zilikutana kwenye hundi moja. Mwaka 2001 serikali ya Tanzania ilinunua rada kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa takriban pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilisema bei ni kubwa mno. Ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza lenyewe, waziri wa maendeleo ya kimataifa Clare Short alipinga uuzaji ule. Ilinunuliwa. Uchunguzi uliofuata uliangukia malipo ya takriban dola milioni 12 kwa wakala wa mauzo, na Desemba 2010 mahakama jijini London ikaitoza kampuni faini ya pauni 500,000 kwa kutotunza hesabu ipasavyo. Makubaliano yalikuwa kwamba kinachobaki katika pauni milioni 30, yaani pauni milioni 29.5, kiende kwa wananchi wa Tanzania. Fedha zilipofika zilinunua vitabu vya kiada na madawati.

Watu wengi waliisoma habari ile kama ushindi wa madawati dhidi ya rada, na magazeti yakaifurahia kwa namna hiyo. Mimi inaniudhi. Vitabu vile vilinunuliwa kwa sababu waendesha mashtaka wa nchi ya muuzaji walifungua faili. Mnunuzi, yaani mlipa kodi, hakuwa na mlango wa kuingilia: bei, wakala na masharti vilikaa nyuma ya pazia la usalama, ingawa sehemu ya kazi ya rada yenyewe ilikuwa kuongoza ndege za abiria.

Ukubwa wa fungu unaopitishwa bungeni ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kinachotolewa mwaka unapokwenda. Mapato yakipungua, hazina hulazimika kuamua nani apewe mgawo wa robo ya tatu na nani asubiri, na uamuzi huo haufanywi ukumbini mbele ya kamera. Hapo huduma za jamii hushindwa karibu kila mara, na sababu yake si roho mbaya ya mtu. Ununuzi wa zana una mkataba, una tarehe ya malipo, una riba ya kuchelewesha na una mkopeshaji wa nje atakayepiga simu. Mishahara ya askari ikichelewa wiki mbili nchi nzima inashika pumzi. Dawa zikichelewa miezi miwili hakuna mkataba uliovunjwa. Mgonjwa hana kifungu cha kumshitaki mtu, na kituo cha afya kitaandika tu kwenye leja kwamba bidhaa imeisha. Kwa hiyo unaweza kuwa na nchi ambayo kwenye kitabu cha bajeti imeipa afya fedha nyingi kuliko ulinzi, na kwenye taarifa ya utekelezaji mambo yakawa kinyume. Anayetaka kujua serikali inathamini nini asome taarifa ya pili. Ni ngumu kupatikana na haina hotuba.

Wengine wamefika mbali zaidi, wakalindia jeshi fedha nje ya bajeti kabisa. Chile ndiyo iliyoniacha mdomo wazi. Kuanzia 1958 sheria moja ililipa jeshi sehemu ya mapato ya shaba, na ilivyokuja kuimarishwa ilimaanisha asilimia 10 ya mauzo ya nje ya Codelco, kampuni ya shaba ya taifa, ilikwenda moja kwa moja kununua zana. Bei ya shaba ikipanda duniani, jeshi linanunua. Hakuna aliyeuliza kama tishio nalo limepanda. Na maandishi ya sheria hiyo yenyewe yalikuwa siri kwa miongo mingi. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chile walijaa barabarani wakidai elimu ya bure, wakijibiwa kwamba fedha hazitoshi, huku asilimia ile ikitiririka kila mwaka bila kupigiwa kura. Sheria ilifutwa 2019. Nchi haikuvamiwa.

Lazima nimtaje pia mshindani wa tatu, ambaye wapambanaji wa bunduki na zahanati humsahau kwa sababu hana wapenzi: riba. Shirika la biashara na maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNCTAD, linasema watu bilioni 3.4 wanaishi katika nchi ambazo hulipa zaidi kwa riba ya deni kuliko zinavyotumia kwa afya, au kuliko zinavyotumia kwa elimu. Katika nchi hizo ulinzi na zahanati vinagombania makombo. Na baadhi ya riba hiyo ni ya zana zilizonunuliwa zamani, ila ikishaingia kwenye deni la taifa haina tena jina la jeshi. Inahesabika kama wajibu wa hazina, na kwenye jedwali ulinzi unaonekana mwembamba kuliko ulivyo.

Lingine ni kwamba anayelipa si lazima awe na kura. Februari 2025 Uingereza ilitangaza kupandisha ulinzi hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo 2027, na fedha zikapatikana kwa kushusha misaada ya nje kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Ni ujanja wa kisiasa uliokamilika: vituo vitakavyokosa chanjo viko bara jingine. Waziri wa maendeleo alijiuzulu, mjadala ukadumu wiki moja. Ulinganishe na Denmark na sikukuu yake.

Ndiyo maana nina mashaka na malengo ya asilimia, ya upande wowote. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Robo karne imepita na waliofika ni wachache mno. Washirika wa NATO waliahidi asilimia 2 ya pato la taifa kwa ulinzi mwaka 2014, na Juni 2025 mjini The Hague wakaruka hadi asilimia 5 ifikapo 2035. Ukiichambua, asilimia 3.5 ni ya ulinzi wenyewe na 1.5 ni ya vinavyohusiana nao, kama miundombinu na usalama wa mitandao. Wino haujakauka, Italia ikawa inajadili kama daraja la kwenda Sicily linaweza kuhesabiwa humo. Asilimia inakwambia kiasi gani kimeingia. Haikwambii kama askari ana risasi au kama mjamzito amekuta mkunga. Tena inawapa wanasiasa nafasi ya kujivunia matumizi kana kwamba kutumia ndiyo kazi iliyofanyika. Serikali inayojigamba imefikisha lengo la afya kwa kujenga majengo yasiyo na wauguzi haina tofauti na ile iliyofikisha lengo la ulinzi kwa vifaru visivyo na vipuri.

Nasikia tayari jibu: mambo ya jeshi hayawezi kuwekwa hadharani, adui atasikia. Yapo ambayo hayawezi kweli. Mipango ya operesheni, taarifa za kijasusi, maeneo ya maghala, hayo yabaki siri na nitakuwa wa kwanza kuyatetea. Lakini idadi ya ndege za kivita za nchi jirani inajulikana na kila anayefuatilia. Watengenezaji hutoa matangazo wakipata oda, na setilaiti za kibiashara hupiga picha viwanja vyote. Bei ya sare, idadi ya magodoro, kamisheni ya wakala na masharti ya mkopo si siri za vita. Ni siri za biashara zilizovaa kombati.

Ujerumani ina utaratibu ambao ningependa kuuona kwingine. Mkataba wowote wa ununuzi wa kijeshi unaozidi euro milioni 25 hauwezi kusainiwa kabla ya kupita kamati ya bajeti ya Bundestag, bunge la nchi hiyo. Kamati inapewa maelezo, inaweza kukaa faragha, inaweza kukataa au kuweka masharti. Mwaka 2022 nchi hiyo ilianzisha mfuko maalumu wa euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi, na Machi 2025 ikabadili katiba ili ulinzi usibanwe na ukomo wa madeni, na bado kamati ile iliendelea kupokea mafaili. Marekani nayo, kwa ubabe wake wote, hukagua hesabu za Pentagon, wizara yake ya ulinzi, na kutangaza matokeo. Tangu ukaguzi wa kwanza kamili wa 2018 wizara hiyo imekuwa ikishindwa. Mwaka 2024 ilikosa hati safi kwa mara ya saba mfululizo. Ni aibu, ila ni aibu inayojulikana, na maseneta wanaitumia kuwabana majenerali. Katika nchi ndogo zaidi mkaguzi mkuu huandika kurasa kumi kuhusu stakabadhi zilizopotea kwenye halmashauri na aya moja kuhusu jeshi.

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kubadili kitu kimoja katika bajeti inayofuata, singeanza na kuhamisha hata senti kutoka ulinzi kwenda afya. Ningeanza na kamati ndogo ya wabunge walioapishwa kutunza siri, wa chama tawala na wa upinzani, wenye haki ya kuona mikataba kabla ya kusainiwa, wakiwa na mhasibu na mtaalamu wa zana wa kwao wenyewe. Ningetaka taarifa ya fedha zilizotolewa kila robo mwaka ichapishwe kwa wizara zote, ulinzi ukiwamo, safu moja ya kilichopitishwa na safu ya pili ya kilichotoka. Na ningetaka askari wahesabiwe kwa alama za vidole, kama walimu walivyohesabiwa. Naamini baada ya miaka miwili ya zoezi hilo hoja ya ukubwa wa fungu ingejitatua kwa sehemu kubwa. Baadhi ya nchi zingegundua kwamba majeshi yao yana njaa ya kweli na yanahitaji kuongezewa. Nyingi zingegundua fedha ambazo hakuna jenerali wa mstari wa mbele angezililia.

Kamati hiyo ingekuwa na swali moja la kuanza nalo. Wizara ya afya ikiomba hospitali mpya, hazina huwa inauliza: nani atalipa wauguzi, umeme, maji na dawa kwa miaka ishirini ijayo? Mwaka 1999 Afrika Kusini iliingia mkataba mkubwa wa silaha, ukipambwa na ahadi za ajira zaidi ya 60,000 ambazo hazikuja kuonekana kwa kiwango hicho, wakati nchi ikizikwa na ukimwi na serikali ikisita kutoa dawa. Katika shehena hiyo zilikuwamo ndege 26 za kivita aina ya Gripen, miongoni mwa ndege za kisasa zaidi barani. Mwaka 2021 mkataba wa matengenezo uliisha bila mwingine kusainiwa, na kwa takriban mwaka mzima hakuna hata moja iliyoruka. Wataalamu wa hazina walikuwa wamewaonya mawaziri kuhusu mzigo wa mkataba ule kabla haujasainiwa. Onyo la namna hiyo lingetakiwa kuwa mikononi mwa wabunge pia, pamoja na karatasi inayotaja bei ya kila saa ya kuruka na mwaka ambao fedha hizo zitaanza kutolewa, na kwenye fungu gani.